Safari ya Kununua Nguo Huanzia Nyumbani

Ndugu msomaji, sasa unajua kusoma, kuandika na kuhesabu. Katika somo hili tutatumia mambo hayo matatu kwa kazi moja: kununua nguo za familia bila kupoteza fedha. Soma pole pole. Kila mwisho wa sehemu, simama, fikiri juu ya nyumba yako, kisha endelea.

1. FEDHA HUJA MARA MOJA, NGUO HUCHAKAA KILA SIKU

Kolandoto iko kwenye barabara ya Shinyanga kwenda Mwanza, pale inapoanzia barabara ya Lalago. Wakulima wengi wa sehemu hizi hulima pamba. Pamba huuzwa mara moja kwa mwaka. Kwa kawaida soko hufunguliwa mwezi wa Mei. Mkulima hupeleka pamba yake kwenye chama cha msingi cha ushirika, hupimiwa, na baadaye hulipwa.

Wakati huo huo wauzaji wa nguo nao huja. Hutandika maturubai mnadani. Nguo hutundikwa kila mahali. Mfuko wa mkulima una fedha, na macho yake yanaona rangi nyingi. Wakati kama huo ni rahisi kununua kwa macho.

Lakini mwaka una miezi 12. Usiku wa Juni na Julai una baridi. Septemba na Oktoba jua ni kali. Mvua zikianza, kazi ya shamba hutaka nguo imara. Januari shule hufunguliwa, na watoto hutaka sare. Ada haitozwi katika shule za msingi za Serikali. Sare hununuliwa na mzazi. Fedha iliyokwisha mwezi wa Juni haiwezi kununua sare mwezi wa Januari.

Tena bei ya pamba hubadilika. Mwaka 2022 msimu ulifunguliwa kwa bei ya shilingi 1,560 kwa kilo. Mwaka 2023 msimu ulifunguliwa kwa shilingi 1,060. Tufanye hesabu ya mkulima aliyeuza kilo 500 kila mwaka kwa bei hizo.

Mwaka 2022: 500 x 1,560 = shilingi 780,000
Mwaka 2023: 500 x 1,060 = shilingi 530,000
Tofauti: shilingi 250,000

Kilo ni zile zile. Watoto ni wale wale. Fedha imepungua. Mwaka kama huo, kosa dogo la kununua huumiza nyumba nzima.

Wazee wetu wanakumbuka taabu ya namna nyingine. Baada ya vita vya Kagera vya mwaka 1978 na 1979, nguo zilikuwa adimu nchini. Mtu aliweza kuwa na fedha na asipate kitambaa cha kununua. Mwaka 1984 Serikali ililegeza masharti ya kuingiza bidhaa kutoka nje, na baada ya hapo mitumba ikawa mingi. Siku zile taabu ilikuwa kupata. Siku hizi taabu ni kuchagua.

2. FUNGUA SANDUKU KWANZA

Mkulima hanunui mbegu kabla ya kujua ukubwa wa shamba lake. Vivyo hivyo, usinunue nguo kabla ya kujua nguo ulizo nazo.

Chagua siku moja ya kupumzika. Toa nguo zote za nyumbani. Toa za kwenye sanduku, za kwenye kamba na za kwenye mifuko. Tandika mkeka uani. Gawa nguo hizo katika mafungu manne.

Fungu la kwanza: nguo nzima zinazovaliwa.
Fungu la pili: nguo zinazohitaji kushonwa kidogo. Labda kifungo kimetoka, zipu imeharibika, au upindo umefumuka.
Fungu la tatu: nguo nzima zisizomtosha mwenyewe, lakini zinamtosha mwingine.
Fungu la nne: nguo zilizokwisha. Hizi ni za kudekia, kufutia na kutia viraka.

Watu wengi hushangaa wakifanya kazi hii. Huona kuwa wana mashati matano ya kwenda mnadani, lakini hawana suruali hata moja ya kulimia. Huona gauni la mtoto wa kwanza ambalo sasa linamfaa mtoto wa pili. Huona kuwa nguo sita zinangoja sindano na uzi tu.

3. FAMILIA IKAE PAMOJA

Sasa tusome mfano wa nyumba moja ya mkulima. Ndani yake wanaishi watu saba: baba, mama, bibi na watoto wanne. Mwaka uliopita baba na mama walikwenda mnadani bila mpango. Baba alinunua koti. Mama alinunua kitenge cha yadi 6. Watoto walipata nguo za kung'aa. Januari ilipofika, sare hazikuwapo. Kuku wanne na debe mbili za mahindi ziliuzwa kwa bei ndogo ili sare zipatikane.

Mwaka huu wamekaa uani, na mama ameshika daftari.

"Baba watoto, tuanze na wewe," mama anasema. "Unahitaji nini?"

"Nilifikiri shati la kwenda kwenye sherehe," baba anajibu.

"Kwenye mkeka nimehesabu mashati yako matano. Suruali ya shamba ni moja, nayo ina viraka vitatu."

Baba anacheka. "Haya, mama watoto. Andika suruali ya kazi."

Bibi anakohoa kidogo. "Wanangu, mimi sitaki makuu. Baridi ya usiku inanitesa. Mkipata sweta nitashukuru."

"Sawa, mama, tumeandika," baba anasema.

Bibi anaendelea kwa sauti ya chini. "Kuna jambo jingine. Mjukuu wangu mkubwa sasa amekua. Hawezi kukuambia wewe baba yake, ameniambia mimi. Nguo zake za ndani zimekwisha. Siku zake zikifika, anaogopa kwenda shule. Mwezi uliopita alikaa nyumbani siku tatu."

Baba ananyamaza. Kisha anasema, "Mama watoto, hiyo iandike ya kwanza kabisa. Haya mengine yatafuata."

Jambo hili lisingeonekana mnadani. Limeonekana kwa sababu familia ilikaa pamoja na kila mtu akasikilizwa. Katika nyumba nyingi wako watu wasiosema haja zao: wazee, wasichana na watoto wadogo. Anayeandika orodha awaulize hao kwanza. Kama jambo ni la aibu, aulizwe pembeni na mtu anayemwamini.

4. GAWA FEDHA KABLA YA KUONDOKA

Nyumba hii ilipata shilingi 530,000 za pamba. Kwanza walitenga fedha ya chakula, ya kilimo, ya matibabu na ya kulipa madeni. Zilizotengwa kwa nguo za mwaka mzima ni shilingi 150,000. Wakazigawa mara mbili.

Fedha ya sasa: 80,000
Fedha ya sare, Januari: 70,000
Jumla: 150,000

Fedha ya sare waliiweka mbali na nyumbani, katika simu ya mama, ili isichanganyike na fedha ya matumizi. Wewe unaweza kuiweka benki, katika kikundi cha kuweka na kukopa, au unaweza kununua sare mapema. Ukinunua mapema, kumbuka kuwa mtoto hukua. Chagua sare yenye nafasi kidogo na upindo wa vidole vinne, ili iteremshwe baadaye.

Kisha waliandika orodha ya sasa. Bei hizi ni za mfano tu. Uliza bei za kwenu kabla ya kupanga.

Nguo za ndani za msichana, 3: 6,000
Gauni la msichana, 1: 12,000
Suruali ya kazi ya baba, 1: 12,000
Khanga ya mama, doti 1: 15,000
Sweta la bibi, 1: 8,000
Shati la mvulana, 1: 7,000
Fulana za wadogo, 2: 8,000
Nauli: 4,000
Jumla: 72,000
Akiba: 8,000

Akiba ni ya kupandia bei au ya kununua uzi, zipu na vifungo. Akiba si fedha ya kununulia kitu kisichoandikwa.

Panga orodha kwa haja. Kinachohitajika zaidi kiwe juu. Fedha ikipungua njiani, kitakachokosekana ni cha chini.

5. PIMA WATU WAKO

Mara nyingi anayevaliwa nguo hayupo sokoni. Kwa hiyo peleka vipimo vyake. Ukiwa na futikamba ya fundi, andika sentimita. Kama huna, tumia kamba isiyovutika. Kila mtu awe na kamba yake. Funga fundo kwa kila kipimo.

Fundo la kwanza: kuzunguka kiuno.
Fundo la pili: kuzunguka kifua.
Fundo la tatu: kutoka kiunoni hadi kwenye kifundo cha mguu.

Kwa viatu, kata kijiti chenye urefu sawa na wayo. Kijiti kikiingia ndani ya kiatu na kubaki nafasi ya upana wa kidole, kiatu kitafaa.

Sokoni utaona herufi na namba kwenye nguo. Herufi S ni nguo ndogo. M ni ya kati. L ni kubwa. XL ni kubwa zaidi. Katika suruali, namba kama 32 au 34 mara nyingi ni kiuno kwa inchi. Inchi 1 ni sentimita 2 na nusu hivi. Kwa hiyo suruali namba 34 ni kiuno cha sentimita 85 hivi. Lakini usiamini namba peke yake. Nguo ya mtumba huenda ilipunguzwa, ilipanuliwa au ilirudi ilipofuliwa. Pima kwa kamba yako.

Kama unanunua kitambaa cha kushona, muulize fundi kwanza kinahitajika kiasi gani. Yadi 1 ni sentimita 91. Meta 1 ni sentimita 100. Aliyeambiwa meta 3 akanunua yadi 3, amepungukiwa sentimita 27. Hiyo inatosha kukosesha mikono ya gauni.

6. IJUE NGUO INAYOKUFAA

Nguo ya pamba hunyonya jasho na hupitisha hewa. Inafaa kwa jua la Shinyanga na kwa nguo za ndani. Nguo ya nailoni au poliesta hukauka upesi na haikunjamani sana, lakini huleta joto. Nguo nyingi zina mchanganyiko.

Njia moja ya kutambua ni kuchoma uzi. Omba uzi mdogo uliochomoza kwenye kitambaa. Uchome nje ya duka, mbali na nguo. Uzi wa pamba huungua kama karatasi, hunukia kama karatasi, na majivu yake ni laini. Uzi wa nailoni au poliesta huyeyuka, kisha huganda kuwa punje ngumu. Usiishike punje hiyo kabla haijapoa.

Tena fikiri juu ya muda. Tuseme kuna suruali mbili za kazi. Ya kwanza ni shilingi 6,000, na itadumu miezi 3. Ya pili ni shilingi 12,000, na itadumu miezi 12. Ipi ni rahisi?

Ya kwanza: 6,000 kugawa kwa 3 = 2,000 kwa mwezi
Ya pili: 12,000 kugawa kwa 12 = 1,000 kwa mwezi

Iliyoonekana ghali ndiyo rahisi. Rahisi hugharimu. Lakini mtoto anayekua upesi hahitaji nguo ya kudumu miaka mingi. Kwake, nguo ya bei ndogo iliyo nzima inatosha.

7. SOKONI: MACHO, MIKONO NA PUA

Nenda asubuhi wakati mwanga ni mzuri na hujachoka. Kula kabla ya kwenda. Usiende na fedha yote ya nyumbani. Beba orodha, kamba za vipimo na kitambaa cheupe kidogo. Zunguka mara moja bila kununua, ukiuliza bei. Kisha rudi penye nguo bora na bei nzuri.

Nguo za mitumba huja katika marobota, ambayo wauzaji huyaita mabelo. Muuzaji hulinunua belo bila kuona kila nguo iliyomo. Humo mna nguo nzuri na mbaya pamoja. Kwa hiyo kagua nguo moja moja:

(a) Iinue kwenye mwanga. Sehemu nyembamba itaonekana.
(b) Tazama makwapani, kolani, magotini, makalioni na katikati ya miguu. Hapo ndipo nguo huanza kuchakaa.
(c) Vuta mishono pole pole kwa mikono miwili.
(d) Fungua na funga zipu mara tatu. Hesabu vifungo.
(e) Nusa. Harufu ya uvundo ni dalili ya ukungu.

Wauzaji wengi humzungushia mteja kiuno cha suruali shingoni. Njia hiyo ni ya kukisia tu. Kamba yako ina kweli zaidi.

Nguo za ndani nunua mpya. Shirika la Viwango Tanzania, yaani TBS, limepiga marufuku nguo za ndani za mitumba kwa ajili ya afya. Nguo hizo hugusa sehemu za siri, na zinaweza kuleta magonjwa ya ngozi.

Kwa khanga mpya, fanya mambo matatu. Kwanza, fungua doti yote. Hakikisha vipande ni viwili na vyote havina doa wala tundu. Pili, sugua kitambaa kwa vidole. Khanga nyingine hutiwa wanga ili ionekane nzito, na ikifuliwa huwa nyepesi kama chandarua. Loanisha kitambaa chako cheupe na kusugua pembeni. Kikipata rangi nyingi, khanga hiyo itachuja. Omba ruhusa ya muuzaji kwanza. Tatu, soma jina la khanga, yaani maneno yaliyoandikwa chini. Yako majina ya shukrani na yako majina ya kusuta. Mtu asiyesoma anaweza kumpelekea mkwewe khanga ya matusi huku akidhani ameleta zawadi. Wewe unajua kusoma. Soma.

Bei ijadiliwe kwa adabu. Muuzaji akisema, "Mama, hii elfu kumi na tano, chukua tu," jibu, "Mwanangu, kwenye orodha yangu nimeandika elfu kumi na mbili. Tusaidiane." Akikataa, shukuru na uende kwa mwingine. Akisema, "Hili koti ni la mwisho, utajuta," tazama orodha. Kama koti halimo, endelea na safari.

Kila ukinunua, weka alama kwenye orodha na uandike bei uliyolipa.

8. UKIRUDI NYUMBANI

Hesabu fedha iliyobaki mbele ya mwenzako. Linganisha na orodha. Kufanya hivi huzuia ugomvi, kwa sababu kila mtu anaona kila shilingi ilikokwenda.

Nguo za mitumba zisivaliwe kabla ya kufuliwa. Zifue kwa sabuni na maji ya moto, kama kitambaa kinavumilia. Zianike juani, kisha zipige pasi. Nguo zenye rangi kali zifue peke yake mara ya kwanza. Shona mapema kifungo kilicholegea. Tunza daftari lako. Mwakani litakuonyesha nguo ipi ilidumu, ipi ilichanika upesi, na bei zilikuwaje.

Wale watu saba tuliowasoma hawakupata kila walichokitamani. Baba hakupata shati la sherehe. Lakini msichana hakukaa tena nyumbani kwa aibu, bibi alilala na sweta, na fedha ya sare ikabaki ikingoja Januari.

MANENO YA KUJIFUNZA

akiba: fedha inayowekwa kwa haja ya baadaye
doti: vipande viwili vya khanga
futikamba: utepe wa kupimia wa fundi
kuchuja: kitambaa kutoa rangi kikifuliwa
robota: mzigo mkubwa wa nguo uliofungwa
upindo: sehemu ya nguo iliyokunjwa na kushonwa
wayo: sehemu ya mguu inayokanyaga chini

MASWALI

1. Nguo za nyumbani hugawiwa katika mafungu mangapi? Yataje.
2. Kwa nini nyumba ile iliuza kuku na mahindi mwaka uliopita?
3. Nani alieleza haja ya msichana? Kwa nini msichana hakumwambia baba yake?
4. Mkulima ameuza kilo 300 za pamba kwa shilingi 1,060 kwa kilo. Amepata shilingi ngapi?
5. Sweta la shilingi 8,000 limedumu miezi 16. Kila mwezi limegharimu shilingi ngapi?
6. Fundi anataka meta 4. Ukinunua yadi 4, utapungukiwa sentimita ngapi?

MJADALA DARASANI

Je, orodha ya nguo iandikwe na baba, na mama, au na wote wawili? Kila upande utoe sababu zake.

KAZI YA NYUMBANI

Wiki hii toa nguo zote za nyumbani kwako na ufanye mafungu manne. Andika orodha ya mahitaji, kinachohitajika zaidi kiwe juu. Muulize mtu mmoja ambaye hujawahi kumwuliza anahitaji nguo gani. Lete orodha yako darasani.